Jina Halitoshi, Uliza Meli

Mjukuu wangu wa kwanza anaishi Melbourne. Mama yake ni binti yangu, mtoto wa Tanga. Baba yake ni Mwaustralia, na kwao wapo huko tangu enzi za mashua na farasi. Mwaka juzi mtoto alipewa kazi shuleni: achore ukoo wake kwa pande zote mbili. Upande wangu tuliumaliza kwa simu, jioni moja. Nikamtajia baba yangu, babu yangu, baba wa babu, hadi yule aliyetoka Pangani kuja kuoa, naye akaandika. Upande wa baba yake kalamu ikakwama kwa mtu mmoja. Mjukuu wangu ni kining'ina wake, maana yake ukihesabu kutoka kwa mzee yule kuna mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, ndipo unamfikia yeye. Nyumbani kwao mzee huyo husemwa maneno mawili tu: alikuwa baharia. Meli gani? Hakuna ajuaye. Alitoka mji gani? Uingereza. Kisha mtu anauliza nani anataka chai.

Mimi nimefanya kazi masijala kwa miaka 31. Nimeshika mafaili ya watu waliokufa kabla sijazaliwa, na ninajua ukimya wa mtu aliyesahau na ukimya wa mtu aliyeficha. Ule wa akina mkwe wangu ulikuwa wa pili. Baharia anayekumbukwa na watoto wake huachiwa angalau jina la meli. Huyu alikuwa na meli, lakini hakuipanda kwa hiari.

Tulimtafuta kwa miezi 8, mimi Tanga kwa intaneti ya simu, wao kule. Tangu hapo nimeulizwa na wazazi wenzangu kadhaa, wenye watoto waliooa au kuolewa Australia, Uingereza na Ireland, namna ya kuifanya kazi hii. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya vijana wetu walioko huko ambao siku moja mtoto atawauliza swali lile lile.

Kwanza ujue ni watu gani tunaowazungumzia. Uingereza ilikuwa na desturi ya kuwatupa wafungwa wake ng'ambo, na kabla ya Australia iliwapeleka Marekani, watu wapatao 50,000 katika karne ya 18. Vita vya uhuru wa Marekani vikaufunga mlango huo. Jela zikafurika, wafungwa wakalazwa ndani ya meli chakavu zilizong'olewa milingoti na kutiwa nanga mtoni Thames na bandarini. Tarehe 13 Mei 1787 meli 11 zikaondoka Portsmouth chini ya Arthur Phillip, na Januari 1788 zikafika mahali ambapo leo ni Sydney. Nchi ile ilikuwa na wenyewe, Waaborijini, ambao hawakuulizwa. Nilimwambia mjukuu aliandike hilo juu kabisa ya karatasi yake, kabla ya jina la mtu yeyote wa kwao.

Kuanzia hapo hadi 1868 walipelekwa watu wapatao 162,000, na kati yao wanawake walikuwa kama 25,000. Usizisome tarehe zinazofuata kama historia tu, zitumie kama chekecheke. New South Wales ilipokea wafungwa kuanzia 1788, na mkondo mkubwa ukakatika mwaka 1840. Van Diemen's Land, kisiwa kilichobadilishwa jina mwaka 1856 kikawa Tasmania, kilipokea hadi 1853. Western Australia ilianza kwa kuchelewa, mwaka 1850, ikachukua wanaume peke yao, wasiofika 10,000, na meli ya mwisho, Hougoumont, ikafika Fremantle Januari 1868. South Australia haikuwa koloni la wafungwa. Basi kama mzee wenu alifika Sydney mwaka 1855, au kama bibi yenu alishukia Fremantle mwaka 1860, hakuja na pingu, na utakuwa umejiokolea miezi ya kazi. Na kama unamtafuta mtu wa mwaka 1835 kwa kuandika neno Tasmania, utapita mlangoni pake bila kumwona, kwa sababu karani wa siku zile hakulitumia jina hilo.

Sasa kosa ambalo nimeona kila mtu akilifanya, nasi tulilifanya. Unafungua tovuti ya majina ya wafungwa, unaandika jina la mzee wenu, linatokea. Moyo unaruka. Unampigia mkwe simu usiku wa manane. Mkwe wangu ana jina la ukoo la kawaida sana, na mzee wake alikuwa na jina la kwanza la kawaida zaidi, kama ambavyo kwetu ungesema Juma Ali. Tulipata watu 23. Usiku ule ule binti yangu alikuwa ameshamchagua mmoja, aliyeiba farasi, kwa sababu babu zao walipenda farasi.

Haijengwi nyumba kuanzia kenchi. Anza na mtu uliye na uhakika naye, aliye hai, kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na usivuke kwenda kwa mzazi mpaka karatasi ya mtoto ikutajie mzazi huyo. Australia wamekubariki kwa jambo hili, maana vyeti vyao vya vifo vina maneno mengi. Victoria ilianza uandikishaji wa serikali mwaka 1853, New South Wales mwaka 1856, na vyeti vya kifo vya makoloni hayo vinauliza mambo ambayo vyeti vya England vya wakati ule havikuuliza: wazazi wa marehemu, mahali alipozaliwa, alioa nani na wapi, watoto wake kwa majina na umri, na amekaa makoloni miaka mingapi. Tasmania ilitangulia, mwaka 1838, lakini vyeti vyake vya kifo ni vikavu, wazazi hawatajwi. Kabla ya tarehe hizo utategemea vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya makanisa.

Mzee wetu alifia Victoria mwaka 1874. Cheti tulikinunua kwenye mtandao wa ofisi ya vizazi na vifo, kikaja siku hiyo hiyo. Penye jina la baba, aliyetoa taarifa, ambaye ni mwanawe, alisema hajui. Penye jina la mama, hajui. Lakini penye miaka ya kukaa makoloni karani aliandika: Tasmania miaka 20, Victoria miaka 21. Jumla 41. Toa 41 kwenye 1874, unabaki na 1833. Mtoto asiyejua jina la bibi mzaa baba alijua barabara baba yake alifika mwaka gani. Na Tasmania mwaka 1833 maana yake ni Hobart, na Hobart ya mwaka ule, mwanamume maskini asiye askari wala baharia mwenye meli yake, uwezekano mkubwa ni mfungwa.

Kuna dalili nyingine za ukimya ambazo ningekushauri uzitafute kabla hujafungua rejista yoyote. Mtu anayetokea ghafla Victoria miaka ya 1850, wakati wa dhahabu, bila meli na bila ndugu, aghalabu alivuka kutoka Tasmania. Victoria iliwachukia watu wa kisiwa kile kiasi cha kutunga sheria mwaka 1852 ya kuwazuia wafungwa wasiingie, kwa hiyo wengi walibadilisha herufi moja mbili za jina na kunyamaza. Mtu ambaye mahali alipozaliwa hubadilika kila cheti. Mtu ambaye umri wake hauendi sambamba na miaka. Hadithi ya baharia, hadithi ya askari aliyekuja na jeshi, hadithi ya mtoto wa tajiri aliyekosana na baba yake. Usizitupe, zina mfupa wa kweli ndani yake. Na usimbane mzee aliye hai azitolee maelezo. Mama yake mkwe wangu ana miaka 84. Alilelewa na watu ambao kwao kutajwa kwa neno mfungwa mezani kulikuwa sawa na kumtukana marehemu. Tulimwomba picha tu na Biblia ya familia, tukakaa kimya, naye wakati wake ulipofika akazungumza mwenyewe.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Katika mfumo ule wa wafungwa, jina la mtu lilikuwa ushahidi dhaifu kuliko yote, na waliokuwa wakiuendesha walilijua hilo. Wao wenyewe walikuwa na akina Juma Ali wao kwa mamia. Kwa hiyo kila mahali, kutoka siku mtu aliposhuka hadi siku alipoachiliwa, walimwandika kwa jina na meli iliyomleta. Fulani, kwa meli fulani. Akiomba kuoa, wanaandika meli. Akitoroka, tangazo la gazeti la serikali linataja meli. Akipata hati ya uhuru, meli. Akifia hospitali ya serikali, meli. Kwetu mtu huulizwa ukoo wake au kijiji chake, naye hapo alikuwa ameshanyang'anywa vyote viwili, akapewa ubavu wa mbao uwe ndiyo asili yake. Ukiipata meli, umempata mtu. Usipoipata, una jina tu.

Uangalie pia safari ya ngapi. Meli moja ilirudi na kurudi. Asia, kwa mfano, ilileta wafungwa mara nyingi kati ya miaka ya 1820 na 1840, ndiyo maana makarani walitia namba ya safari mbele ya jina. Jina la meli bila mwaka ni nusu ya anwani.

Sisi tuliipata meli kwenye ndoa. Mfungwa ambaye kifungo chake hakijaisha hakuweza kuoa bila ruhusa ya gavana, na maombi hayo yalitiwa kwenye rejista ambazo zipo. Za Tasmania ziko kwenye maktaba ya jimbo lao, Libraries Tasmania, unazitazama bure, picha ya ukurasa wenyewe. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza kulikuwa na jina la mama. Tukatafuta ndoa ya majina hayo mawili, tukaipata Launceston, mwaka 1843. Tukarudi kwenye rejista ya maombi ya miezi ya kabla yake. Mstari ulikuwa hivi: jina la mwanamume, meli yake, jina la mwanamke, meli yake.

Binti yangu akanipigia akiwa analia. Yeye alikuwa akimtafuta mfungwa mmoja. Walikuwa wawili. Bibi ambaye ukoo mzima ulimjua kama mke wa baharia alikuwa amekuja kwa meli yake mwenyewe, kwa hukumu yake mwenyewe, miaka 7, na hakuna mtu katika vizazi vitano aliyewahi kuuliza habari zake. Ndiyo maana nawaambia watu: ukimpata mwanamume, mtafute na mke. Wanawake wale walikuwa wachache, wanaume ni wengi, wakaolewa upesi, na majina yao yakafunikwa na ya waume. Hobart wana kituo mahususi cha utafiti wa wafungwa wanawake, Female Convicts Research Centre, na kazi yao ni ya kushukuriwa.

Ukishakuwa na meli, milango hufunguka. Kwa Tasmania, mfungwa mmoja anaweza kuwa na kurasa tatu nne. Kuna rejista ya mwenendo, ambayo kwa wanaume hupatikana chini ya alama CON31 kwa waliotangulia na CON33 kwa wa kuanzia 1840 hivi, na kwa wanawake CON40 na CON41. Kuna rejista ya maumbile. Kuna orodha iliyoonyesha alipangiwa bwana gani wa kumfanyia kazi. Kwa New South Wales, nyaraka ziko Museums of History NSW: orodha za waliofika, tiketi za ruhusa, hati za uhuru, misamaha. Kuna pia sensa ya koloni hilo ya mwaka 1828, iliyohesabu watu zaidi ya 36,000 na kuandika mbele ya kila mtu alikuja kwa hali gani: aliyekuja huru, aliyezaliwa kolonini, aliyemaliza kifungo, aliyesamehewa. Meli na mwaka vimo. Kama mtu wako alikuwa hai Sydney mwaka ule, anza hapo.

Jifunze tofauti ya karatasi hizo, kwa sababu nimeona watu wakizichanganya. Tiketi ya ruhusa haikuwa uhuru, ilimruhusu mtu kujitafutia kazi katika wilaya moja, na kwa kosa dogo hunyang'anywa. Hati ya uhuru hupewa aliyemaliza miaka 7 au 14. Aliyehukumiwa maisha haimaliziki miaka yake, kwa hiyo hatapata hati hiyo hata ukiitafuta mwaka mzima. Mtafute kwenye misamaha. Msamaha wa masharti mara nyingi ulimkataza kurudi Uingereza. Msamaha kamili ulimfungulia bahari.

Rejista ya mwenendo ya mzee wetu ni ukurasa mmoja, nusu yake ni wino uliofifia. Juu, kosa: kupokea mali ya wizi, nguo. Miaka 14. Chini yake ripoti ya jela ya kwao, kisha ripoti ya meli ya kizuizini, neno moja: mtulivu. Kisha maneno yake mwenyewe, kwa sababu kila aliyeshuka aliulizwa asimulie kosa lake, na karani akaandika kwa ufupi. Halafu miaka 10 ya maisha ya mtu kwa mistari ya kosa na adhabu. Amelewa, saa 4 kwenye mkatale. Hakuonekana kwa bwana wake usiku, viboko 25. Kujibu kwa jeuri, kazi ngumu siku 14. Halafu miaka mitatu mitupu, hakuna kitu. Nilikaa na miaka ile mitatu kuliko mistari yote. Masijala, mtu asiyeandikwa ni mtu anayeishi vizuri.

Utapata tabu na mwandiko. Chapisha ukurasa mkubwa, chukua daftari, nakili herufi za karani huyo unazozijua kwa hakika, moja moja, ujitengenezee alfabeti yake. Baada ya saa mbili utaanza kumsikia anavyoandika. Herufi s mbili mara nyingi ya kwanza ni ndefu kama f. Ukiona do katika safu ya Kiingereza hicho, usifikiri ni kitenzi, ni mkato wa kusema kama juu. Na majina yasikutie wasiwasi. Karani aliandika alichosikia, na wafungwa wengi hawakujua kusoma ili wamsahihishe. Mwairishi O'Brien anakuwa Brien, Bryan, Bryant. Sisi ambao tuna Hussein, Huseni na Hussen katika kitambulisho, cheti cha shule na pasipoti za mtu mmoja, hatuna haja ya kufundishwa hilo.

Wengine walibadilisha jina kwa makusudi, na mfano wa wazi uko kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Mary Reibey, ambaye kwao aliitwa Mary Haydock, alikamatwa kwa wizi wa farasi akiwa amevaa kiume, akajiita James Burrow, na kwa jina hilo akahukumiwa Stafford. Akafika Sydney mwaka 1792 kwa meli ya Royal Admiral, akiwa msichana wa miaka 15, akafa mfanyabiashara tajiri mwaka 1855. Mtu anayeisaka hukumu yake kwa jina la Mary atazunguka sana.

Turudi nyuma ya bahari. Rejista ya meli za wafungwa iko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, alama HO 11, na picha zake zinaonekana bure kupitia Maktaba ya Taifa ya Australia, ambayo miaka mingi iliyopita ilishiriki kazi kubwa ya kunakili nyaraka za Uingereza. Inakupa jina, mahali na tarehe ya hukumu, muda wa kifungo, meli. Haikupi kosa wala umri, usihangaike kuvitafuta humo. Ukishajua alihukumiwa wapi, nenda kwenye mahakama. Kama ni London, kesi za Old Bailey kuanzia 1674 hadi 1913 ziko mtandaoni bure, na unaweza kusoma ushahidi wenyewe, mwenye duka alisema nini, polisi alisema nini. Lakini wengi hawakuhukumiwa London, na kesi zao ziko Kew au kwenye hifadhi za kila kaunti, ambako lazima uandike barua na kusubiri. Andika. Wahifadhi wa kaunti ni watu wema na wanajibu.

Ireland ina jeraha lake. Jengo la hifadhi Dublin liliungua mwaka 1922 katika mapigano, na rejista za waliopelekwa kabla ya 1836 zikateketea. Kilichopona ni maombi ya huruma, barua za wake na mama zilizoandikwa kwa serikali kuomba mtu wao asipelekwe, na yamo kwenye orodha ya bure ya hifadhi yao. Nimezisoma kadhaa. Mwanamke anaeleza ana watoto wangapi na nani atawalisha. Barua nyingi hazikubadilisha chochote, lakini ndani yake kuna majina ya watoto, kijiji na padri, vitu ambavyo rejista iliyoungua isingekuwa navyo.

Nitahadharishe mambo mawili ambayo yametupotezea muda. Mahali mtu alipohukumiwa si mahali alipozaliwa. Vijana walikwenda kutafuta kazi Manchester, London, Liverpool, wakakamatwa huko. Tafuta mahali pa kuzaliwa kwenye rejista ya maumbile. Jambo la pili, aliyehukumiwa kupelekwa si lazima awe alipelekwa. Wengi walimalizia kifungo ndani ya zile meli zilizotia nanga, au walisamehewa. Na aliyepanda si lazima awe alifika. Katika msafara wa pili, mwaka 1790, karibu robo ya wafungwa walikufa njiani. Mwaka 1835 Neva, iliyobeba wanawake kutoka Cork, ilivunjika karibu na kisiwa cha King wakafa karibu wote. Hakikisha kuondoka na kufika, vyote viwili.

Je, wale wenzake wa jina moja? Tulibaki na watatu waliofika Hobart kati ya 1831 na 1835. Njia ni moja: usimthibitishe mmoja, wafuate wote mpaka kaburini. Wa kwanza alifia Port Arthur mwaka 1839, hakuweza kuoa 1843. Wa pili alikuwa na miaka 50 alipofika. Akabaki wa meli iliyo kwenye ombi la ndoa. Kazi hiyo ni ya kuchosha, na ndiyo inayotenganisha ukoo na ngano. Kipimo cha vinasaba kinaweza kukusaidia baadaye, ukipata mtu England anayeshabihiana nanyi na mwenye ukoo wa kijiji kile kile, lakini hakitakuambia jina la meli.

Kuna wasomaji watakaouliza kama katika watu wale walikuwemo na wetu. Walikuwemo watu wenye asili ya Afrika, tangu meli za kwanza. John Caesar alihukumiwa Maidstone mwaka 1786, akaja kwa meli ya Alexander, akatoroka mara kwa mara mpaka akauawa msituni mwaka 1796. William Blue, aliyehukumiwa kwa kuiba sukari, alifika 1801 kwa Minorca, akawa mvushaji maarufu wa bandari ya Sydney, na rasi ya Blues Point ina jina lake hadi leo. David Stuurman, kiongozi wa Wakhoi aliyetoroka kisiwa cha Robben mara mbili, alipelekwa Sydney mwaka 1823 akafia huko mwaka 1830. Na kutoka Mauritius walipelekwa watumwa, wakiwemo wasichana wawili wadogo, Constance na Elizabeth, mwaka 1834, kwa kushtakiwa kumtilia bibi yao sumu. Mauritius ni jirani yetu wa uchungu. Wafaransa walinunua watu Kilwa katika karne ya 18 kuwapeleka kisiwani huko, na makarani waliwaita watu wa pwani yetu kwa jina moja, Mozambique, kwa bandari au kwa uvivu. Kwa hiyo ukikuta katika orodha ya Sydney mfungwa kutoka Mauritius, mzaliwa wa Mozambique, usichukue neno hilo kuwa kijiji chake. Huenda alikuwa Myao, Mmakonde au mtu wa nyuma ya Kilwa, na jina la kwao lilikwisha potea mikono miwili kabla hajapandishwa meli ya wafungwa.

Mjukuu wangu aliniuliza: Babu, kwa hiyo mimi ni mtoto wa wezi? Nikamwambia asome rejista kwa sauti. Akasoma nguo, akasoma miaka 14, akanyamaza, akauliza nguo ngapi. Bibi yake, yule wa miaka 84, alikuwa amekaa pembeni. Alimwambia yeye aliambiwa na mama yake asitaje kamwe, na hakuwahi kujua asitaje nini.

Rejista ya maumbile ya mzee ilikuwa zawadi ya mwisho. Kimo futi 5 na inchi 4, nywele kahawia, macho ya kijivu, kovu juu ya nyusi, na mkono wa kushoto tatuu: nanga, na herufi za watu watatu. Wafungwa wengi walijichora herufi za waliowaacha, na makarani, waliokuwa wakitafuta alama za kumkamata mtoro, wakazinakili kwa uaminifu. Usiruke safu hiyo. Tulichukua kijiji chake cha kuzaliwa, tukaandika kwa hifadhi ya kaunti, wakatupatia ubatizo wake na wa dada zake wawili. Herufi mbili za mkononi ni zao. Ya tatu, M na jina la ukoo linaloanza na H, haimo katika nyumba ile. Alikuwa na miaka 22 aliposafirishwa. Binti yangu ameandikia parokia ya jirani kuuliza ndoa za mwaka 1830 hadi 1832, na mjukuu kila Ijumaa ananipigia kuniambia posta imeleta nini.